Nyenje wa Sura ya Saba

Jina la Bi Taratibu hakulipata kwa wazazi wake. Alipewa na wateja, na lilianza kuwa lalamiko kabla ya kugeuka sifa. Mtu alikuwa akipanda ngazi kumi na saba hadi chumba chake kilicho juu ya duka la fundi cherehani, kifua kikimpanda na kumshuka, amekumbatia kompyuta iliyozimika na picha zake zote, aseme, "Mama, nina haraka." Naye alimwonyesha kiti, akamwekea glasi ya maji, kisha akafungua daftari lake la mistari na kuuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia hali ya watoto, "Nani alikigusa chombo hiki mara ya mwisho, na alifanya nini?"

Swali hilo lilikuwa ndio mlango wa kazi yake. Miaka ishirini na miwili ya kufufua yaliyopotea ndani ya diski ilimfunza kwamba vyombo havisemi uongo, na kwamba wenye vyombo ni nadra kusema kitu kingine. "Sikugusa chochote": jibu hilo alikwisha kuliandika mara nyingi hata akalifupisha kwa herufi S. Aliyekiri kosa lake aliandikiwa K, na kazi yake ilitangulizwa. Katika daftari zima herufi K zilikuwa tisa, na mbili kati ya hizo ni za watoto wadogo.

Marehemu baba yake alikuwa fundi wa saa. Kwake alirithi miwani ya kukuzia, bisibisi za ukubwa wa sindano, na tabia ya kutofungua chombo chochote kabla ya kutandika kitambaa cheupe mezani na kulitaja jina la Mola. Hayo yote yalichukua muda. Mumewe, mtu mpole aliyemzoea, aliwaambia wageni, "Mke wangu akiandaa chai, majani hupata nafasi ya kujuta." Bi Taratibu hakukasirika. Alimimina chai hiyo kwa utulivu uleule, na mume akawa wa mwisho kupewa.

Jumatatu moja asubuhi alifika mdogo wa mumewe, amebeba kitu kilichofungwa kwa shuka kama mtoto mchanga. Shemeji huyu alikuwa mwalimu katika shule ya wasioona, na wanafunzi walimwita Redio. Kwa miaka kumi na minne alijifungia ndani ya stoo iliyozungushiwa magodoro, akisomea kipaza sauti vitabu vya shule, ukurasa baada ya ukurasa, ili wanafunzi wavisikilize. Alikuwa na sauti nene yenye mwangwi wa mtungi. Lakini mwezi wa nne daktari alimtoa kooni kinyama mfano wa punje ya haragwe, na tangu hapo sauti yake ilitoka kama msasa juu ya bati. Daktari akamwekea mpaka: maneno mia mbili kwa siku, mpaka atakapoambiwa vingine. Kwa mtu ambaye zamani maneno mia mbili yalimwishia kwenye salamu, hukumu hiyo ilikuwa nzito kuliko kisu.

"Shemeji," alisema, "nimeleta mgonjwa."

"Wewe au huyo uliyemfunga shuka?"

"Mimi nimeshindikana. Huyu."

"Hayo umetumia mangapi?"

"Usinihesabie! Kwani wewe mkaguzi?"

"Mimi shemeji yako. Mkaguzi hana ruhusa ya kukucheka. Mimi ninayo."

Ndani ya shuka mlikuwa na sanduku jeusi la diski nne. Rekodi zote za shule zilikaa humo, na kompyuta za darasani zilichota sauti kutoka humo kwa waya. Ijumaa iliyopita lilikuwa limezimika. Mwalimu alieleza mengine kwa kuandika ubaoni, maana alibeba ubao mdogo wa kuokolea maneno. Watahiniwa kumi na mmoja wangefanya mtihani Jumatano ya wiki iliyofuata, yaani baada ya siku tisa. Mtaala ulikuwa mpya. Vitabu vyake vya nukta nundu vilikuwa bado vinaahidiwa. Walichokuwa nacho ni sura arobaini na moja za jiografia na historia, alizozisoma yeye kati ya mwezi wa kwanza na siku aliyoingia hospitali. Nakala nyingine haikuwapo. Na kusoma upya, kwa koo lile na kwa mpaka ule, kungemchukua miaka.

Bi Taratibu alitandika kitambaa, akanong'ona lake, akafungua daftari. "Nani aligusa, na alifanya nini?"

"Sikugusa chochote."

Akaandika S. Kisha akachomoa diski ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Ziling'aa. Zilinukia dawa ya kusafishia miwani. Na namba zilizobandikwa migongoni mwake zilifuatana kutoka ndogo hadi kubwa, bila hitilafu hata moja.

"Shemeji, kiwandani diski hazitoki hivi. Hizi zimepangwa kama wanafunzi wanaosubiri kuitwa rejesta."

Mwalimu alitazama viatu vyake. Hatimaye akakiri. Taa zilipogeuka nyekundu alizichomoa zote, akazifuta vumbi kwa kitambaa cha miwani yake, akazirudisha kwa mpangilio wa namba, kwa kuwa mtu aliyeita rejesta miaka thelathini hawezi kuona vitu vimekaa shaghalabaghala akanyamaza. Sanduku likamwuliza jambo kwa maandishi madogo. Miwani hakuwa nayo usoni. Akabonyeza kitufe cha kijani.

"Kijani ni ruhusa," alijitetea.

"Ruhusa ya kufuta kila kitu na kuanza upya."

"Ndiyo maana nikang'oa waya! Nilihesabu kumi tu."

Kumi hiyo ilitosha kufuta vitambulisho vya diski, yale maandishi mafupi yanayosema hii ni ya kwanza, hii ya tatu, na hii ilikuwa kazini mpaka tarehe fulani. Sauti zenyewe zilikaa ndani zaidi, na kwa rehema za Mungu ufutaji haukufika huko. Bi Taratibu akaandika K kando ya S, akauliza la mwisho.

"Kabla ya Ijumaa, halikuwahi kulia? Sanduku la namna hii hulia likipoteza diski."

"Halikulia," alisema Mwalimu, macho yakiwa nje dirishani.

Kwa mtu aliyezoea kupamba kila jibu, hilo lilikuwa fupi mno. Lakini Bi Taratibu alidhani anaokoa maneno.

Inafaa kueleza hapa, kwa ajili ya msomaji ambaye hakujaliwa kuyaona mambo haya kwa karibu, jinsi sanduku kama hilo linavyotunza amana. Diski zake nne ni mfano wa mashahidi wanne waliokula kiapo pamoja. Hakuna anayejua habari nzima peke yake. Kila mmoja ameshika vipande. Lakini wamefundishana hivi kwamba akikosekana mmoja, watatu waliobaki huweza kuyatoa hata maneno yake. Wakikosekana wawili, kesi imekufa.

Bi Taratibu hakufanyia kazi diski za mteja zenyewe kamwe. Kwanza alizinakili, kipande kwa kipande, na kuzifungia asili kabatini. Tatu zilinakilika bila tabu hadi Jumanne jioni. Ya nne iligonga kwa ndani, tak, tak, tak, kama mkasi wa fundi cherehani wa chini. Aliizima upesi, akaiviringisha kwa sponji. "Hii ndiyo iliyoangusha sanduku," alisema. "Watatu wazima wanatutosha."

Kilichobaki kilikuwa kujua nani alikaa wapi. Njia za kuzipanga ni ishirini na nne, naye alizijaribu moja moja, akiandika na kufuta. Jumatano adhuhuri, katika njia ya kumi na tisa, chumba kilijaa sauti nene, tulivu, ikisema, "Sura ya kwanza. Mito na mabonde." Chini, cherehani ilinyamaza. Mwalimu aliyekuwa ameketi pembeni aliisikiliza sauti yake ya zamani, mikono magotini, mpaka mito ikafika baharini.

"Bwana huyu alikuwa na sauti," alisema kwa msasa wake. "Alihamia wapi?"

"Alihamishwa na daktari," alijibu Bi Taratibu, akamsogezea maji bila kumtazama usoni.

Furaha hiyo haikumaliza siku. Vitabu vya miaka ya nyuma vilisikika vizuri, lakini katika mtaala mpya sauti ilianza na wafalme wanaopigana, ikarukia kiasi cha mvua, ikamalizikia kwenye ukelele. Kompyuta ilikuwa na majina ya sura zote. Kujua ipi ni nzima kulihitaji sikio. Mwalimu akaandika ubaoni: *Mwite mpokea simu.*

Mpokea simu wa shule alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, msichana wa miaka ishirini na sita asiyeona tangu kuzaliwa, ambaye ndiye aliyeweka orodha ya rekodi zote. Inasemekana mtu akimpigia mara moja, mara ya pili hahitaji kujitambulisha. Alikuja Alhamisi asubuhi, akapanda ngazi kwa fimbo yake nyeupe, na neno lake la kwanza mlangoni lilikuwa, "Shikamoo, mama fundi. Ngazi yenu ya tisa imelegea."

"Marahaba, mwanangu. Miaka mitatu namwambia mwenye nyumba hivyo hivyo."

"Mwambie kwa simu, kupitia kwangu. Nikiunganisha mimi, wabishi hukata tamaa mapema. Mwalimu, mbona huniitikii?"

"Ananyamaza kwa amri ya daktari."

"Basi kweli dunia imechoka."

Akavaa visikizi. Sura sita za kwanza za jiografia alizipitisha kwa kutikisa kichwa. Kuanzia hapo, uso ukamkunjamana. "Imekatika. Imekatika. Hapa Mwalimu ameingia vitani akatoka na mwavuli. Imekatika." Sura thelathini na tano, hakuna iliyopona. Alivua visikizi, akauliza, "Na nyenje, mbona sikumsikia?"

"Nyenje gani?" aliuliza Bi Taratibu.

"Sura ya saba ya jiografia, mama. Ina nyenje ndani. Wanafunzi wanaipenda kuliko zote. Mwalimu anaeleza habari za jangwa, na yule mdudu anamwitikia toka ukurasa wa pili mpaka mwisho. Pii, pii, pii. Anapumua. Pii, pii, pii."

Bi Taratibu aliiweka glasi mezani polepole hata kwa kipimo chake. Katika rafu yake kulikuwa na masanduku mabovu ya aina mbalimbali, na moja lilikuwa ndugu wa lile la shule. Alilichomeka umeme, akalisubiri liamke, kisha akachomoa diski moja.

*Pii, pii, pii.*

"Huyo huyo!" Mpokea simu alipiga makofi. "Mmemkamata wapi?"

Bi Taratibu alikuwa amemgeukia mdogo wa mumewe.

"Shemeji. Leo umebakiwa na maneno mangapi?"

"Mia na arobaini."

"Yatakutosha. Anza."

Mwalimu alivua miwani. Alisema kwamba mwezi wa pili, alipokuwa katikati ya jangwa, sanduku, lililokaa naye humo stooni, lilianza kulia. Siku hiyo alikuwa anasoma vizuri kuliko siku zake zote, asingekubali kukatishwa na chombo, akasoma mpaka mwisho. Alipomaliza alitafuta kitufe cha kulinyamazisha, akakipata. Taa nyekundu ilipoendelea kumkodolea jicho, aliibandika plasta. Wanafunzi walipouliza mlio ule ni wa nini, aliwaambia ni nyenje aliyeingia kwa dirisha.

"Ile stoo haina dirisha, Mwalimu," alisema mpokea simu. "Nimeizunguka kwa mkono mara mia."

"Mlijua?"

"Wote. Tulidhani umetupambia somo."

"Niliona haya," alisema Mwalimu, na msasa wake ukazidi kukwaruza. "Mtu anayeishi kwa sauti, nimeiziba sauti moja iliyokuwa inanionya. Shemeji, hayo yasihesabiwe."

"Hayahesabiwi." Alikata ile S, akaandika K kubwa iliyomeza mistari miwili. Kisha akaketi, kwa sababu sasa aliona kosa lake mwenyewe, na alikuwa mwadilifu kiasi cha kuliandika chini ya lile la shemeji.

Shahidi mmoja alikuwa ametoka barazani tangu mwezi wa pili, na tangu siku hiyo sanduku liliendelea na mashahidi watatu tu. Aliyetoka hakuwa mgonjwa. Pengine alilegea kwenye kiti chake. Kwa hiyo alionekana mzima, na alisema kweli kuhusu miaka ya nyuma, lakini ya jangwa na ya vita hakuyashuhudia. Naye Bi Taratibu alikuwa amemkaribisha kama shahidi kamili, na kumfunga kwa sponji yule anayegonga tak, tak, ambaye alibaki kazini mpaka alipoanguka Ijumaa.

"Kwa hiyo tunamhitaji mgonjwa," alisema mpokea simu.

"Tunamhitaji yeye hasa. Naye akifa kabla sijamnakili, zile sura zimekwenda naye."

Kuanzia Alhamisi mchana chumba kilikuwa kama wodi. Diski ile ilichomekwa juu ya kitambaa cheupe, feni ndogo ikiipuliza. Bi Taratibu aliisoma kwanza pale palipo pepesi, akipita pagumu bila kubishana napo, kisha akarudi kwa upande wa pili. Kila mchana ulipopanda joto aliizima, na kila jioni aliilaza. Mumewe alileta chakula, akasimama mlangoni kama mtu aliyekuja kumjulia hali mzazi. Mwalimu alikatazwa kusema hata neno moja chumbani humo, akapewa daftari kuukuu apepee feni ilipochoka, na alipepea kwa toba ya kweli.

Mpokea simu aliomba ruhusa kazini, akaweka kiti karibu na meza. Aligundua kwamba kugonga kwa diski kulibadilisha mlio muda mfupi kabla kompyuta haijaonyesha tatizo. "Imechoka, mama. Ipumzishe," alisema, na Bi Taratibu alizima. Baada ya mara tatu aliacha kutazama kioo, akawa anamtazama msichana. Katika miaka ishirini na miwili hakuwahi kumpata mtu aliyemwambia apunguze mwendo.

Jumapili saa nne asubuhi diski ilitoa mlio kama mbegu iliyoanguka ndani ya kopo, ikanyamaza. Haikuamka tena.

"Imekwisha?" aliandika Mwalimu ubaoni.

"Imekwisha. Lakini imetuachia karibu yote." Bi Taratibu alisoma kioo. "Haikutimiza. Sijui kilichobaki ni cha nani."

Jumatatu alizipanga upya nakala, akiiacha nje moja ya zile tatu nzima kila safari. Alipoiacha ya kwanza, vurugu. Alipoiacha ya pili, vurugu mbaya zaidi. Alipoiacha ya tatu, wafalme walipigana vita vyao hadi mwisho bila mwavuli. Mpokea simu alisikiliza kuanzia asubuhi mpaka vivuli vikarefuka, akihesabu kwa vidole, na sura arobaini zikapita salama. Akabakiza kidole kimoja.

"Ya saba," alisema. "Nyenje yupo. Ila katikati pana shimo. Sekunde kumi na moja."

"Kuna nini kwenye shimo hilo?" aliuliza Bi Taratibu.

Msichana hakufikiri hata kidogo. "'Mimea ya jangwani huwa na mizizi mirefu inayofuata maji chini sana ya ardhi, na majani madogo au miiba, ili jua lisiinyang'anye maji machache iliyojaliwa.'"

Mwalimu alihesabu kwa vidole, akaandika ubaoni: *Maneno 24. Ninayo.*

"Kwa sauti hiyo?" Bi Taratibu alimkazia macho. "Wanafunzi watadhani jangwa limekuingia kooni."

"Si ndilo somo?" alijibu Mwalimu, akaanza kujikohoza.

Wakafunga dirisha, wakamwomba fundi cherehani wa chini apumzike kidogo, wakawasha kipaza sauti. Mwalimu alisoma sentensi yake kwa msasa wa juu ya bati, neno kwa neno, naye mpokea simu akasogeza kinywa karibu na kuziba pengo la mdudu pale palipostahili: pii, pii, pii, akapumua, pii, pii, pii. Iliwabidi kurudia, kwa sababu mara ya kwanza Bi Taratibu, yule asiyeharakisha hata kicheko, alicheka kabla ya wakati. Mwalimu akamdai maneno ishirini na manne yaliyopotea bure.

Jumanne watahiniwa kumi na mmoja walisikiliza sura zote. Jumatano msimamizi wa mtihani alishangaa kuona kwamba walipofika swali la mimea ya jangwani, wote walitabasamu kwa pamoja, wakaandika bila kusita.

Shule ilinunua sanduku jipya, nalo halikuwekwa tena kwenye stoo ya magodoro. Nakala ya pili ya kila kitu ilibaki kabatini kwa Bi Taratibu, na sanduku lenyewe liliwekwa juu ya meza ya mpokea simu, kitufe cha kunyamazisha kikiwa kimezibwa kwa gundi. Mwalimu alipendekeza, siku daktari alipomwongezea maneno hadi mia tano, kwamba airekodi upya sura ya saba bila makelele. Wanafunzi walikataa katakata.

Miezi mingi baadaye, Bi Taratibu akiwa anaandaa chai ya wageni katika chumba chake cha kazi, simu iliita.

"Shikamoo, mama fundi. Nyenje amerudi. Ameanza dakika hii hii."

"Kuna aliyegusa?"

"Mwalimu alinyoosha mkono. Nimemchapa na fimbo."

Bi Taratibu alimwachia mumewe birika, akachukua bisibisi zake, akashuka ngazi kumi na saba mbili mbili, akairuka ya tisa.